Kifuko Nyuma ya Mfuko wa Chakula: Kongosho la Mtoto, Kutoka Ngulyati hadi Bugando

Baiskeli ikianguka na mtoto aliyepakiwa mbele, ardhi ndiyo inayolaumiwa, lakini kinachoumiza vibaya mara nyingi ni ncha ya usukani. Ngulyati, kata ya Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, baiskeli ndiyo inayobeba madumu ya maji, viroba vya mahindi, wagonjwa na watoto. Mdogo hukalishwa kwenye bomba la katikati, kaka yake akiendesha huku miguu haifiki vizuri kwenye pedeli. Ncha ile ikimgonga juu kidogo ya kitovu, ngozi haichaniki. Pengine hubaki alama ya duara, nayo hupotea baada ya siku chache. Mtoto hulia, hubembelezwa, hurudi kucheza. Teke la ndama, mpini wa plau unaoruka maksai wanapogoma, kuanguka kutoka mwembeni na kutua juu ya tawi: yote hayo huweza kuleta madhara yaleyale.

Kinachopondwa hapo ni kongosho. Limelala kwa kukingama mbele ya uti wa mgongo, nyuma ya mfuko wa chakula, na mtoto hana mafuta wala misuli mizito ya tumbo ya kulikinga, hivyo pigo hulibana juu ya mfupa. Kongosho hutoa insulini inayotawala sukari ya damu, na hutengeneza majimaji yenye vimeng'enya vinavyosaga nyama, mafuta na wanga. Majimaji hayo hupita kwenye mrija mkuu hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Mrija ukipasuka, vimeng'enya humwagika pasipo mahali pake, na viungo jirani huvimba na kushikana mpaka vikajenga ukuta wa kovu kuyazunguka majimaji yale. Kisha wiki tatu, nne au zaidi baada ya ajali ambayo nyumbani imekwisha kusahaulika, mama anapapasa tumbo la mwanawe na kukuta kitu kimejaa.

Madaktari wanakiita kifuko bandia, kwa kuwa ukuta wake ni kovu tupu lisilo na utando wa ndani. Kati ya vifuko vyote vinavyoota kwenye kongosho la mtoto, hiki ndicho kinachoonekana mara nyingi zaidi, na ndicho kitakachochukua sehemu kubwa ya uchambuzi huu. Si ajali peke yake inayokileta. Kongosho lililovimba kwa sababu nyingine yoyote huweza kukiacha nyuma: minyoo ya mviringo iliyopenya kwenye mrija, matubwitubwi, baadhi ya dawa, mawe ya nyongo. Mawe hayo tusiyapite haraka katika Kanda ya Ziwa, kwa sababu mtoto mwenye selimundu huyapata mapema kuliko wenzake, na takwimu zinazotumiwa na serikali zinakadiria kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini Tanzania kila mwaka.

Vifuko vingine ni adimu, lakini adimu yenye hatari ya aina yake. Kuna kifuko cha kuzaliwa nacho, chenye utando wa kweli, ambacho siku hizi huonekana hata kabla mtoto hajazaliwa pale mjamzito anapopimwa kwa ultrasaundi. Kuna kipande cha mfuko wa chakula kilichojirudufu na kujificha ndani ya kongosho. Kuna kifuko cha minyoo ya tegu wa mbwa, ugonjwa unaojulikana sana kwa wafugaji wa Turkana, ambao kwa kawaida hukaa kwenye ini na ni mara chache mno kufika kwenye kongosho. Halafu kuna uvimbe ambao Virginia Frantz aliueleza Marekani mwaka 1959, unaowapata zaidi wasichana wanaokaribia utu uzima au waliokwisha kuvunja ungo. Una sehemu ngumu na sehemu ya majimaji, na kwa jicho lisilozoea unafanana kabisa na kifuko bandia. Ukitolewa wote, walio wengi sana hupona. Ukitobolewa na kuunganishwa na utumbo kwa kudhaniwa ni kifuko cha ajali, daktari ameacha saratani ndani na kuifungulia njia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tupasue vipi, swali ni tunapasua nini.

Jibu la swali hilo Kanda ya Ziwa haliji kirahisi, na si kwa sababu ya uhaba wa mashine peke yake. Tumbo la mtoto lililovimba upande wa juu lina maelezo mengi yanayotangulia kongosho. Bandama la malaria. Ini na bandama la kichocho, kwa wanaoishi karibu na maji ya ziwa. Uvimbe wa figo. Kifua kikuu cha tumbo. Saratani ile ya watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958. Mganga wa zahanati anayefikiria yote hayo kwanza hajakosea, kwani ndiyo yanayoonekana kila mwezi. Kinachomkwamisha ni kwamba haulizi kuhusu baiskeli. Swali moja tu, kama mtoto alianguka au kugongwa tumboni miezi miwili iliyopita, lina uzito kuliko nusu ya vipimo vya maabara, na halina gharama.

Kongosho kusahauliwa hivi kunashangaza, kwa sababu Afrika Mashariki ni miongoni mwa mahali ambapo kongosho la mtoto lilichunguzwa mapema. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mpatholojia wa Mulago, Kampala, aliandika kwamba kunyauka kwa kongosho ndiko kiini cha kwashakoo. Miaka ya 1960 A. G. Shaper, naye akiwa Makerere, aliwafuatilia wagonjwa wa Uganda waliokuwa na kongosho lililojaa kovu na chokaa. Hoja ya Davies kwamba kila kitu kinaanzia hapo haikudumu, lakini uchunguzi wenyewe ulisimama: mtoto mwenye utapiamlo ana kongosho dhaifu. Mtoto wa Ngulyati aliyegongwa na usukani mwezi Februari, ghala likiwa tupu na mavuno bado, haanzi mahali pamoja na mtoto wa London aliyepata ajali ileile.

Kabla ya kufika kwa daktari, wengi wamekwisha kupita kwingine. Bariadi inabeba sifa ya Gamboshi, kijiji ambacho nchi nzima inakitaja kila uchawi unapotajwa, na ninavyoona sifa hiyo imewachosha wenyeji kuliko inavyowasaidia wanaoitaja. Ni rahisi kumalizia maelezo hapo na kumlaumu mzazi. Lakini mzazi anayempeleka mtoto kuchanjwa chale juu ya uvimbe anafuata mantiki: kitu kimeota bila jeraha, bila homa, kwa mtoto aliyekuwa mzima. Hata daktari asiye na ultrasaundi angebaki akikisia. Madhara ya chale ni usaha na siku zilizopotea. Madhara makubwa zaidi yanatokana na dawa za kunywa kwa mtoto ambaye tayari anatapika na kukauka maji.

Ultrasaundi ndiyo mlango. Inaonyesha kama kilichojaa ni maji au nyama, kina ukubwa gani, ukuta una unene gani, na kama kuna vipande vinavyoelea ndani. Mkono uliozoea watoto unaweza kumaliza sehemu kubwa ya kazi hapo. CT-skani inaongeza kile ambacho ultrasaundi hukikosa pale hewa ya utumbo inapoziba, hasa mshipa wa bandama unaopita kwenye ukuta wa kifuko na ambao unaweza kuwa umetoboka na kufanya tundu la damu. Kutoka kwenye mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano ya UVIKO-19 wa mwaka 2021, serikali ilinunua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, jambo ambalo miaka kumi kabla lingeonekana ndoto. Mashine peke yake haimtulizi mtoto wa miaka mitatu alale kimya, wala haisomi picha. Kipimo cha damu cha vimeng'enya kina mtego wake: amilesi ya kongosho kwa mtoto mchanga iko chini sana kiasili, hivyo jibu la kawaida halithibitishi kwamba kongosho ni zima. Kimeng'enya kingine, lipesi, ni shahidi bora kidogo.

Tukishajua ni kifuko bandia, tiba ya kwanza ni kusubiri. Katika upasuaji karibu wote kuchelewa ni adui: utumbo uliojisokota, kidole tumbo, mfupa uliovunjika. Hapa mambo yanageuka. Vifuko vingi vya watoto, hasa vilivyo vidogo, hupungua vyenyewe hadi kuisha. Vile visivyoisha huhitaji wiki nne hadi sita ili ukuta wake uwe mgumu wa kutosha kushika nyuzi. Kushona ukuta wa wiki ya pili ni kama kushona utando wa juu ya uji uliopoa. Wakubwa wa fani walikuwa na kanuni ya sentimita sita na wiki sita, iliyotokana na wagonjwa watu wazima, kwamba kinachozidi vipimo hivyo kipasuliwe. Kwa mtoto kanuni hiyo imelegezwa. Kinachoamua zaidi ni hali yake: anatapika kila anachokula kwa kuwa kifuko kinabana njia, ana maumivu yasiyoisha, ana homa inayoashiria usaha, amekuwa na manjano, au ghafla amepauka kwa damu inayovuja ndani.

Hoja yangu ni kwamba kusubiri huku ni tiba, na kama tiba nyingine yoyote kunahitaji mtu wa kuisimamia, kipimo na tarehe. Mtoto aliyerudishwa Ngulyati na karatasi inayosema tu arudi baada ya mwezi mmoja hajaanza kutibiwa. Anayesubiriwa kwa kweli anapimwa uzito kila wiki kwenye kituo kilicho karibu, anarudiwa ultrasaundi, na mama yake ameambiwa waziwazi dalili za kumkimbiza. Chakula ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Zamani ilifikiriwa kongosho lipumzishwe kwa kumfungia mtoto chakula na kumwachia dripu. Leo mtoto asiyetapika na ambaye maumivu yametulia hulishwa mapema, na anayetapika hupitishiwa mpira mwembamba puani hadi uvuke mfuko wa chakula, ukafikisha uji wenye lishe kwenye utumbo. Mtoto aliyekonda kwa wiki sita anafika mezani akiwa mgonjwa zaidi kuliko siku ya ajali, na kidonda chake hakitafunga.

Kuna wanaopinga kusubiri, na hawapingi bure. Pale mrija mkuu ulipokatika kabisa, baadhi ya madaktari wa Marekani hupendelea kumpasua mtoto ndani ya siku chache na kuondoa mkia wa kongosho uliotengana. Anakaa wodini muda mfupi na kifuko hakipati nafasi ya kujijenga. Wenzao wa hospitali ya watoto ya Toronto walionyesha miaka ya 1990 kwamba watoto wengi wa namna hiyo wanaweza kulelewa bila kisu, vifuko vikatokea, vikashughulikiwa kwa utulivu, na kongosho likabaki lote au sehemu kubwa. Mabishano hayo bado yapo. Lakini kwa Simiyu jiografia imekwisha kuamua. Upasuaji wa mapema unadai CT-skani siku ya kwanza au ya pili na bingwa aliyezoea kongosho dogo. Mtoto anayeletwa wiki ya tano amekwisha kuuvuka mlango huo. Kinachobaki ni kuifanya njia ya pili vizuri, wala si njia ya aibu.

Njia hiyo ni ya zamani. Mwaka 1882 Karl Gussenbauer alikifungua kifuko na kushona kingo zake kwenye ngozi ya tumbo, majimaji yakawa yanatoka nje. Wagonjwa walipona, lakini vimeng'enya vilikula ngozi, na tundu liliweza kudumu miezi. Bado hutumika, kwa mpira badala ya kushona, pale kifuko kimeoza na mtoto hana nguvu ya kustahimili upasuaji mkubwa. Mwaka 1931 Jurasz alipendekeza jambo rahisi zaidi: kwa kuwa kifuko kimegandamana na mgongo wa mfuko wa chakula, kwa nini tusitoboe ukuta uliopo kati yao?

Ndivyo inavyofanyika mpaka leo, na uzuri wake ni kwamba haihitaji kifaa cha ajabu. Tumbo hufunguliwa katikati, juu ya kitovu. Ukuta wa mbele wa mfuko wa chakula hukatwa, na kwenye ukuta wa nyuma daktari anahisi kwa kidole palipotuna. Kwanza anachoma sindano. Yakitoka majimaji ya kahawia au ya rangi ya majani makavu, anaendelea. Ikitoka damu safi, anasimama, kwa maana huenda ni mshipa uliotoboka. Anakata tundu la sentimita chache, anachukua kipande cha ukuta kwa ajili ya patholojia, kisha anashona kuzunguka tundu lote kwa nyuzi zilizokaribiana ili lisivuje damu. Kipande kile kidogo kina thamani ambayo wengi huidharau: ndicho kinachosema kama kweli ukuta hauna utando, na kama hakuna seli za uvimbe. Majimaji humwagikia kwenye mfuko wa chakula, vimeng'enya hurudi vinakostahili, na kifuko hujikunja katika wiki zinazofuata. Kifuko kisichogusana na mfuko wa chakula huunganishwa na kitanzi cha utumbo mwembamba kwa mtindo wenye jina la César Roux wa Lausanne. Kazi hiyo inadai mishono mingi zaidi, na kila mshono kwenye utumbo wa mtoto wa kilo kumi ni nafasi ya kuvuja.

Nchi tajiri zinazidi kufanya haya yote bila kupasua, kwa kupitisha kamera kinywani na kuacha kijibomba kati ya kifuko na mfuko wa chakula. Ni njia nzuri. Lakini vifaa vyake viliundwa kwa koo la mtu mzima, na mtoto mdogo hahudumiwi navyo kwa urahisi hata huko. Sioni sababu ya Simiyu kuona kwamba imekosa kitu kikubwa kwa kutokuwa nayo mwaka huu.

Kifuko cha kuzaliwa nacho, na uvimbe ule wa Frantz, havitobolewi, vinatolewa. Vikiwa mkiani, mkia wa kongosho hukatwa pamoja navyo, na hapo linaingia suala la bandama. Mkia wa kongosho unagusa bandama, mishipa ya bandama inapita nyuma ya mkia huo, na njia ya haraka ni kuondoa vyote viwili. Mwaka 1952 King na Shumacker waliripoti watoto wachanga waliotolewa bandama kisha wakapatwa na maambukizi makali ya damu, na tangu hapo upasuaji wa watoto umekuwa ukilikwepa kosa hilo. Warshaw mwaka 1988 na Kimura mwaka 1996 waliweka wazi namna za kuondoa mkia na kuliacha bandama, mmoja akitegemea mishipa midogo ya pembeni, mwingine akiihifadhi mishipa mikuu. Kwa mtoto wa huku tunapoishi na malaria, hili ni la lazima mara mbili. Chanjo ya nimonia iliyoingizwa nchini mwaka 2013 imepunguza hatari lakini haijaifuta, na penisilini ya kila siku kwa miaka ni rahisi kuiandika kuliko kuipata.

Je, upasuaji huu ufanyike Bariadi au Mwanza? Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilomita zipatazo 72 za lami, kisha barabara inafuata ziwa kupitia Magu hadi Bugando jijini Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Si safari ya kutisha kama ilivyokuwa zamani. Mkono wa kutoboa na kushona upo kwa daktari bingwa yeyote wa upasuaji wa jumla. Kinachokosekana ngazi ya chini ni usingizi. Mtoto mdogo hupoteza joto mezani haraka, njia yake ya hewa ni finyu, na damu ambayo mtu mzima hasikii ikipotea ni sehemu kubwa ya damu yake yote. Mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, damu ya akiba, na wauguzi wa kumkesha usiku wa kwanza ndivyo vinavyoamua. Mpango wa kitaifa wa upasuaji, uzazi na usingizi uliozinduliwa mwaka 2018 uliliona hilo. Kambi za madaktari bingwa wa Mama Samia zilizoanza mwaka 2024 zinafaa kugundua na kupanga tarehe, ila sizioni zikifaa kwa kisu chenyewe: bingwa anaondoka baada ya siku chache, na mshono unaovuja huvuja siku ya tano au ya saba. Kwa hiyo nasema kusubiri kufanyike Simiyu, kupasua kufanyike Bugando, na Bariadi ijifunze kwanza kusubiri vizuri.

Fedha zinavuruga mpangilio huo. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi, lakini nauli, chakula cha mama wodini na dawa iliyokwisha stoo havimo kwenye sera. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), uliokuwa wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ulimfikisha hospitali ya mkoa na kumwacha hapo, yaani ulikoma pale kifuko kinapoanza kuwa ghali. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto ya shilingi 50,400, ilikuwa ikivuka mpaka huo, hadi Machi 2023 usajili wa mtoto mmojammoja uliposimamishwa na wazazi kuelekezwa shuleni au kwenye vifurushi vya familia. Mtoto wa miaka mitatu hakuwa na shule. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka huohuo, na inavyotekelezwa ndivyo itakavyojulikana kama pengo limezibwa. Katika mkoa unaoongoza kwa pamba, kaya ina fedha mkononi msimu wa ununuzi unapofunguliwa katikati ya mwaka. Mwezi wa pili haina, na ng'ombe anayeuzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya mnunuzi. Daktari anayepanga wiki sita za kusubiri afahamu pia wiki hizo zinaangukia mwezi gani, na afisa ustawi wa jamii aitwe siku ya kwanza, si siku ya kuruhusiwa.

Baada ya upasuaji mtoto hurudi nyumbani akiwa anakula, na hapo mawasiliano hukatika. Jibu la patholojia linatoka Mwanza wakati mama yuko shambani. Kifuko kinaweza kurudi, hasa mrija ukiwa umeziba kwa kovu, na ultrasaundi ya mwezi wa kwanza na wa tatu ndiyo inayokigundua. Aliyekatwa mkia wa kongosho apimwe sukari mara kwa mara. Aliyepoteza bandama atibiwe kila homa kama dharura, saa ileile, na muuguzi wa zahanati hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Karatasi ya kuruhusiwa, ambayo kwa kawaida ina jina la upasuaji na orodha ya vidonge, ingebeba pia mambo hayo kwa Kiswahili: bandama lipo au halipo, kipande kilichopelekwa maabara kimejibiwa nini au bado, tarehe ya ultrasaundi, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa.